Miaka Kumi na Minne ya Kubana Mkojo

Ninaandika haya nikiwa nimesimama, daftari likiwa juu ya kabati la vyombo, kwa sababu nikikaa zaidi ya dakika ishirini mguu wa kushoto unaanza kuwaka moto. Watu wawili wamenishauri kuhusu kuandika. Mume wangu alisema mambo ya mkojo ni ya ndani ya nyumba. Mchungaji wetu alisema niandike, ila nitumie lugha ya staha. Nitajitahidi, lakini nawaambia mapema kwamba ugonjwa wenyewe haukunifanyia staha hata kidogo, na aibu ndiyo iliyonichelewesha.

Naitwa Aikande, ingawa wengi wananijua kama Mama Neema. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa katibu mahsusi katika ofisi moja mjini Moshi. Kama na wewe kazi yako ni ya kukaa kutwa nzima, na kiuno kinakuuma, na unajiambia ni kawaida, basi nimekuandikia wewe.

Asiyejua kazi hiyo anadhani katibu ni mtu wa kuchapa barua. Barua ni kidogo. Katibu mahsusi analinda mlango. Meza yangu ilikaa mbele ya mlango wa bosi, na kila aliyetaka kumwona alipita kwangu. Choo kilikuwa nyuma ya jengo, ng'ambo ya ua, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari kule masjala, umefungwa kwenye kipande cha mbao ili mtu asiondoke nao. Kwenda na kurudi ilichukua karibu robo saa. Ndani ya robo saa hiyo kengele ya bosi ingelia mara tatu, na wageni wangejiingilia wenyewe.

Mwaka wangu wa pili hilo lilitokea. Nilirudi kutoka chooni nikakuta mzee mmoja asiye na miadi ameshaingia, anafoka ndani. Bosi hakunigombeza. Alitoka naye mpaka mlangoni, akasema mbele ya benchi zima la wageni, "Samahanini, katibu wangu ana kibofu cha mtoto." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, huku masikio yanawaka moto.

Kuanzia siku ile nilijifunza kubana. Nikaacha chai ya asubuhi. Maji nilikunywa mafunda mawili mchana, ya kumezea chakula. Nilikwenda chooni kabla ya saa mbili asubuhi, na tena bosi akishaondoka, ambayo inaweza kuwa saa kumi, inaweza kuwa saa kumi na mbili jioni. Miezi ya kwanza niliteseka, halafu nikazoea, halafu nikaanza kujisifu. Rafiki yangu Mwanaidi wa masjala, mwanamke wa Majengo mwenye mdomo usiolala, alikuwa akipita mezani kwangu ananiangalia. "Shoga, wewe ngamia nini?" Nilikuwa najibu kwamba mimi ni ngamia wa serikali.

Kiti changu kilikatika egemeo mwaka wa sita. Fundi akapigilia ubao, na Mwanaidi akanishonea mto. Mwaka wa tisa kiuno kikaanza. Vidonge vya maumivu niliviweka kwenye droo pamoja na pini za stepla, na kuna siku nilivimeza bila hata kuangalia saa. Ikifika alasiri makalio yalikuwa yamekufa ganzi kabisa. Nikisimama nayapigapiga, Mwanaidi naye anapigapiga yake, tunacheka. Tulikuwa tunasema, haya ndiyo makalio ya ofisini.

Kwa hiyo mnaona nilivyoandaliwa vizuri. Mwili wangu ulipokuja kunipa taarifa, ilikuwa taarifa niliyoizoea miaka yote.

Mama mkwe wangu, Ndeanasia, anaishi Machame, juu mlimani. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, kihamba cha migomba na kahawa, na macho ambayo hayapitwi na kitu. Sisi hatukuwa maadui, lakini hatukuwa na mapenzi makubwa. Nilipomzaa Neema, sikupanda kwake kukaa uzazi. Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu, mama mkwe anamlisha mtori na supu mpaka mashavu yanajaa, na hashiki hata ufagio. Mimi nilikaa mjini na msichana wa kazi, nikarudi ofisini mapema kwa sababu bosi alisema aliyeshika nafasi yangu anaharibu mafaili. Mama mkwe hakusema kitu. Ila nikilalamika kiuno, alikuwa akiuliza kwa upole, "Kwani ofisini mnafanya nini?"

"Tunakaa, mama."

"Kukaa nako ni kazi?"

Desemba, mwaka juzi, tulipanda kama watu wote wa mlimani wanavyopanda. Magari kutoka Dar na Arusha yalijaa barabarani, kila uani moshi. Tangu vuli ianze nilikuwa navuta mguu wa kushoto, lakini nilikuwa nimeuficha. Siku mbili kabla ya Krismasi, wanawake tupo jiko la nje, mama mkwe akasema kuna mkungu umekatwa kule chini, uletwe. Halafu akaongeza, na aliongeza kwa utani, "Mama Neema mwacheni, atavunjika."

Nikaenda mwenyewe. Niliinama, nikaukumbatia mkungu, nikajigeuza nao. Sikusikia sauti yoyote. Ilikuwa kama mtu amenimwagia maji ya moto kuanzia kiunoni mpaka visiginoni, miguu yote miwili. Nilishika mgomba, nikasimama hapo mpaka macho yalipoona tena. Kisha nikaunyanyua mkungu nikaupeleka jikoni, nikautua miguuni pa mama mkwe. Nilijiona shujaa, na hiyo ndiyo fahari ya kijinga kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Kesho yake maumivu yalikuwa yamepungua. Nilikaa kwenye kigoda kumenya ndizi, na sikukisikia kigoda. Nikajiambia ni ganzi ile ile ya ofisini. Mchana ukapita sijaenda chooni. Jioni vilevile. Choo cha mama mkwe kiko mbali, chini kwenye migomba, njia ina utelezi, na siku ile kulikuwa na foleni ya mashemeji na watoto wao. Wenzangu walikuwa wanashuka na kupanda. Mimi nimekaa zangu.

Nilifurahi. Naomba mlisome neno hilo kama nilivyoliandika. Nilifikiri mwili wangu umefuzu, kwamba baada ya miaka yote ile sasa nabana bila hata kubana. Nimejutia mambo mengi maishani, lakini hakuna ninalolijutia kama furaha ya siku ile.

Siku ya Krismasi nilikaa ibada nzima kwenye benchi la kanisa bila kuona haja ya kutoka. Tumbo la chini lilikuwa gumu, haliumi. Tuliporudi niliona khanga yangu imelowa kidogo nyuma, nikadhani nimekalia maji. Nikabadilisha. Ikalowa tena. Nikavaa sketi nyeusi.

Kesho yake asubuhi mama mkwe alinifuata nyuma ya banda la ng'ombe. Alikuwa ameshika kandambili moja.

"Hii si yako?"

Nikatazama miguu yangu. Wa kushoto ulikuwa mtupu, una tope. Nilikuwa nimetembea kutoka jikoni mpaka pale bila kujua kwamba kandambili imenitoka.

"Mama Neema, umekojoa lini?"

Niliona haya, nikatazama chini. Mama mkwe hamuulizi mkamwana wake swali kama hilo. Nikasema nimekojoa.

"Usinidanganye. Njia ya chooni inapita mlangoni kwangu. Tangu juzi hujapita."

"Nimezoea, mama. Hata ofisini huwa..."

"Achana na ofisini! Yule ng'ombe wangu mwekundu alipoteleza kwenye mfereji, siku ya pili hakukojoa. Tulisema amezoea? Siku ya tatu hakuinuka." Akaweka mkono tumboni kwangu, juu ya sketi, akabonyeza. Uso wake ukabadilika. "Yelewi! Baba Neema! Baba Neema, leta gari!"

Nilishushwa mjini nimelala kwenye godoro nyuma ya gari la shemeji. Kila jiwe la barabarani lilinipiga kichwani, lakini kiunoni kwenda chini sikuhisi kitu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli.

Hospitalini tulisubiri kwenye korido, mimi kwenye machela, mume wangu ameshika chupa ya maji ambayo hakuna aliyekuwa anainywa. Daktari alikuwa mwanamke, mpole, mikono ya baridi. Kwanza waliniwekea mpira wa mkojo. Mfuko ulijaa, nesi akaleta mwingine, na mimi sikusikia mpira ukiingia wala mkojo ukitoka. Niliuona tu ukipita. Kisha daktari akavaa glovu, akanigeuza ubavu, akaniambia, "Mama, bana. Bana kama unayezuia haja."

Nikabana kwa nguvu zangu zote.

"Bana, mama."

"Nabana."

Akavua glovu. Kazi niliyoifanya miaka kumi na minne, nikaombwa niifanye mara moja tu, nikashindwa.

Walinipiga picha ya mgongo kwenye ile mashine inayogonga kama fundi bati, na kesho yake asubuhi nikapasuliwa. Nilipozinduka daktari alikaa kando ya kitanda. Alisema kuna gegedu ya uti wa mgongo iliyochomoka ikabana mishipa ya fahamu, na wameiondoa. Miguu ana matumaini nayo. Haja ndogo na kubwa hajui. "Ungekuja siku ile ile ulipoona ganzi," alisema, "ningekuahidi zaidi." Hakusema kwa kunilaumu. Kuanzia saa ile nilitaka kitu kimoja duniani: kusikia mkojo umenibana, niende, nikojoe mwenyewe.

Januari yote nilikuwa wodini. Joto, vumbi, mashuka yanayonata mgongoni. Mguu wa kulia ulirudi. Wa kushoto ulirudi nusu, vidole vinaburuta. Nesi mmoja mnene mwenye kicheko alinifundisha kujiwekea mpira mwenyewe, mara nne kwa siku, kwa kioo kidogo kile cha kujipodoa. Nilikitumia kioo hicho miaka mingi kupaka rangi ya midomo kabla bosi hajafika. Siku ya kwanza nilikosea mara tano, nikalia. Nesi akanisubiri nimalize kulia, akasema, "Haya, mara ya sita."

Niliporuhusiwa, mama mkwe hakuuliza ninakwenda wapi. Alikuja na khanga mbili na shemeji mwenye gari. Alinipandisha Machame, akaniingiza chumba cha ndani, kile chenye giza na joto, ambacho wakamwana wenzangu wote walikaa uzazi isipokuwa mimi.

"Sasa utakaa," alisema.

Nikakaa miezi mitatu. Alinilisha mtori asubuhi, mtori jioni, supu ya mbuzi katikati. Hakuniruhusu kushika ufagio. Wanawake wa jirani walikuja na maziwa kama wanavyokuja kumwona mzazi, wakaketi, wakaniangalia, na macho yao yalikuwa yanatafuta mtoto ambaye hayupo. Masika ilipoanza, mvua ikagonga bati siku nzima, na njia ya chooni ikawa tope tupu. Mama mkwe alimwaga ndoo yangu mwenyewe, na ana umri wa kuwa bibi wa mabibi. Mara ya kwanza niligeukia ukutani. "Haika, mama," nikamshukuru kwa Kichaga. Akasema, "Nami nimekuwa nasafisha uchafu wa ng'ombe tangu sijaolewa. Kula."

Mume wangu alipanda kila Jumamosi. Kisha kila Jumamosi ya pili. Ni fundi umeme, na alisema kazi ni nyingi. Siku moja alikaa mlangoni mwa chumba changu, nusu ndani nusu nje, akiwa ameshika kofia.

"Itarudi lini?"

"Nini?"

"Kila kitu, Mama Neema."

Nilijua anachouliza. Sehemu ile yote ilikuwa imekufa, na ndoa nayo ina sehemu yake pale. Nikamwambia sijui. Alilia kidogo, kwa sauti ya mtu asiyezoea, halafu akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Hajaniacha, na sitaki mtu amseme vibaya. Ila tangu nirudi mjini analala sebuleni, anasema asije akaniumiza mgongo. Ananiheshimu sana siku hizi. Sikuolewa nipewe heshima tu.

Kliniki ilikuwa kila baada ya miezi mitatu. Wodi ina mwisho, lakini benchi la kliniki halina. Unafika saa moja asubuhi, unaitwa saa saba, na katikati hapo huna pa kukimbilia. Julai, ule msimu wa baridi ambapo mawingu yanafunika mlima na mji unakaa kijivu, mwili wangu ulinisaliti nikiwa kwenye benchi. Si mkojo. Ile nyingine. Sikujua mpaka nilipoona watu wa kulia kwangu wanasogea. Mwanamke aliyekaa kushoto, mgeni kabisa kwangu, alifungua khanga yake ya juu, akanifunga kiunoni, akaninyanyua, huku anaendelea kunisimulia habari za kuku wake walioliwa na kicheche. Alinipeleka bafuni akinisimulia kicheche. Akanisubiri nje akinisimulia kicheche. Sikujua jina lake, na khanga yake ninayo mpaka leo, nimeifua, nimeikunja.

Vuli ikapita, Krismasi ikapita. Sikupanda Krismasi ile. Nilisema nina mafua. Masika ya pili ilipokwisha, daktari aliniambia kwa upole ule ule kwamba kilichorudi kimerudi, na tuzoee kilichobaki. Natembea na fimbo. Najiwekea mpira mara nne kwa siku, kwa saa, kwa sababu mwili hauniambii. Mara mojamoja nahisi kitu tumboni, kama mtu anabisha hodi nyumba ya jirani, nakimbilia chooni na fimbo yangu, nafungulia bomba la maji liuite mkojo, nakaa pale nasubiri. Hakitoki kitu. Nafunga bomba, natoka, na Neema anajifanya hajaniona.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliyekaa. Kiuno kinachouma kinaweza kuwa kiuno tu. Lakini ukiwa na maumivu hayo halafu ukakaa na usikisikie kiti, ukijipangusa usiusikie mkono wako, mkojo ukakataa kuja au ukaja wenyewe, usingoje ibada iishe. Usingoje wageni waondoke. Usiseme umezoea. Nenda siku hiyohiyo, na ukifika mwambie daktari neno lenyewe bila kulizungusha, hata kama mbele yako amekaa mchungaji.

Mwezi uliopita nilikwenda ofisini kupeleka barua ya daktari, ile ya kuniondoa kazini moja kwa moja. Nilipanda ngazi moja moja. Kwenye meza yangu alikuwa amekaa Mwanaidi. Nilijua amehamishiwa pale, aliniambia kwa simu, lakini kumwona juu ya ule mto alionishonea mwenyewe kulinikata maini. Tulikumbatiana. Benchi lilikuwa limejaa wageni. Nikamwona anakaa upesi, anapishanisha miguu, goti linatetemeka. Hapakuwa na kikombe cha chai mezani.

"Tangu saa ngapi?" nikamuuliza.

"Asubuhi. Ndani kuna kikao, shoga. Wakitoka nitakwenda." Akacheka. "Mwalimu wangu si wewe?"

Nilikwenda masjala. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake, na kile kipande cha mbao kimekuwa cheusi kwa mikono ya watu. Nikarudi nikauweka mbele yake.

"Nenda."

"Mama Neema, kengele..."

"Mlango huu naujua. Nenda, Mwanaidi. Nakuomba."

Alinitazama usoni, akatazama fimbo, akachukua ufunguo. Kiti nilikiacha. Nilisimama mbele ya mlango, mgongo ukiugusa.

Kengele ililia. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu, ndefu. Mlango ukafunguliwa nyuma yangu, bosi akachungulia, miwani kwenye paji.

"Ah, Mama Neema! Pole sana, pole. Mwanaidi yuko wapi?"

"Yuko chooni," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka mwisho wa benchi. "Anakojoa. Msubiri."